Treni Iliyokwenda Jumamosi Ikigoma Jumapili: Utatuzi wa Matatizo ya Reli za Mfano

Sehemu kubwa ya kazi ya reli za mfano hufanyika wikendi, na wikendi hiyohiyo ndiyo inayozaa matatizo mengi. Kipande kipya cha njia kimelazwa, waya zimelehemiwa, kokoto zimemwagwa na kugandishwa, dikoda (kifaa kidogo cha kielektroniki kinachopokea amri za kidijitali) imeingizwa kwenye injini. Jioni treni inaondoka, inasita, inaanguka, au inakata umeme wa mpangilio mzima wa njia. Mwongozo huu unaanza na dalili unayoiona, kisha unaifuata hadi kwenye chanzo. Vipimo ni vya HO, yaani kipimo cha 1:87 chenye geji (upana kati ya reli mbili) ya milimita 16.5. Kwa N (1:160, geji ya milimita 9) uchunguzi ni uleule, ila kosa dogo linauma zaidi.

Kwanza: tatizo linafuata nini?

Usishike tupa wala chuma cha kulehemu kabla ya kujibu swali hili. Bandika kipande cha utepe wa karatasi pembeni mwa njia mahali tatizo lilipotokea, kisha pitisha chombo kingine hapohapo. Kila kitu kikisumbuka pale pale, kosa ni la njia. Chombo kimoja kikisumbuka kila mahali, kosa ni la chombo. Hali inayochosha watu ni ya tatu: behewa moja linaanguka mahali pamoja tu, mengine yanapita. Hapo njia na behewa vyote viko kwenye ukingo wa kipimo, kila kimoja kwa kiasi kidogo, na vikikutana ndipo kosa linapotokea. Anza na behewa, maana kupima magurudumu kunachukua dakika moja. Kisha ligeuze, mbele iwe nyuma, ulipitishe tena. Ekseli ileile ikitoka relini, umeshampata mhusika. Ekseli inayotangulia ikitoka kila mara, hata iwe ipi, rudi kwenye njia.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati. Ukinyoosha reli, ukapima magurudumu na kuongeza uzito kwa mkupuo mmoja, treni itapita na hutajua kilichoiponya. Wikendi ijayo utaanza upya.

Vifaa vinavyotosha: geji ya viwango vya NMRA (chama cha reli za mfano cha Marekani kilichoanzishwa mwaka 1935), multimita, kalipa, rula ya chuma, pimamaji ndogo, tochi na kioo kidogo. Geji ya NMRA ndiyo ya kununua kwanza. Kipande kimoja cha chuma kinapima magurudumu, upana wa njia, mianya ya pointi (pale njia inapogawanyika) na nafasi ya kupita kwenye mahandaki.

Ukifika mahali pa kuomba msaada kwa wenzako, wape haya pamoja na picha za kazi yako: geji, umeme wa kawaida wa DC au wa kidijitali wa DCC (ambao hupeleka amri kwa kila injini kupitia reli), aina ya pointi, mahali hasa tatizo linapotokea, upande treni inakotoka, na kazi ya mwisho uliyofanya hapo. Piga picha kamera ikiwa usawa wa reli, ikitazama kando ya njia. Picha ya kutoka juu inapendeza, lakini haionyeshi kona iliyovunjika.

Injini inasita au inasimama

*Inasimama popote, ukiisukuma kidogo inaendelea, taa zinapepesa.* Huu ni uchafu, ama kwenye reli ama kwenye magurudumu. Baada ya wikendi ya kulehemu, mabaki ya flaksi (dawa ya kulehemia) ndiyo ya kushukiwa kwanza; baada ya kokoto, ni utando wa gundi juu ya reli; baada ya kupaka rangi ya kutu, ni rangi iliyopanda hadi ukingo wa juu wa ndani. Futa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi kilichowekwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Kwa magurudumu ya injini, tandaza karatasi ya kufutia yenye unyevu wa alkoholi juu ya reli zote mbili, weka bogi (fremu ya magurudumu iliyo chini ya chombo) moja juu yake huku nyingine ikibaki kwenye reli tupu, shika injini kwa mkono na uiache izunguke. Mistari meusi itatokea kwenye karatasi. Sogeza hadi isitoke tena, kisha geuza.

Msasa mkali usiguse reli. Mikwaruzo yake inashika uchafu, na njia itahitaji kusafishwa mapema zaidi kuliko mwanzo. Pamba ya chuma ni mbaya zaidi, kwa sababu nyuzi zake huvutwa na sumaku ya mota na kuleta shoti ndani ya injini. Uchafu ukirudi haraka kupita kawaida, angalia mabehewa: magurudumu ya plastiki huusambaza njia nzima, na kuyabadilisha kwa ya chuma hupunguza kazi hiyo kwa kiasi kikubwa.

*Inapungua mwendo kadiri inavyokwenda mbali na kidhibiti, kisha inachangamka ikirudi.* Hapa volti inapotea njiani, na hesabu inaonyesha kwa nini. Waya wa shaba wa milimita za mraba 2, ukienda mita 10 na kurudi, una ukinzani wa omu 0.17 hivi, kwa ampea 2 unapoteza volti 0.35 tu. Waya mwembamba wa milimita za mraba 0.33 kwa umbali uleule una omu 1, na unapoteza volti 2. Kwa hiyo basi, yaani jozi kuu ya waya inayopita chini ya meza, iwe nene, na waya mwembamba utumike kwa sentimita chache tu za kupanda kutoka kwenye basi hadi kwenye reli.

Upime huku umeme ukitumika. Volti ya njia isiyo na mzigo inaweza kusomeka sawasawa hata kiungio kikiwa kibovu. Chukua rezista ya omu 15 yenye uwezo wa wati 25, iguse reli mbili kwa sekunde chache (inapata moto, ishike kwa plaizi yenye mpini wa plastiki) na usome volti hapohapo. Fanya hivyo karibu na kidhibiti, kisha mwisho wa njia. Tofauti ikizidi nusu volti, kuna kazi ya waya. Kwenye DCC multimita ya kawaida ikiwekwa AC haisomi volti halisi, lakini kulinganisha sehemu mbili kwa kifaa kilekile kunatosha.

Chanzo mara nyingi ni kuvitegemea viungio vya reli vibebe umeme. Kiungio ni cha kunyoosha reli. Umeme hupita humo kwa muda tu, hadi unyevu, rangi na gundi vipenye. Bonyeza kila kiungio kwa ncha ya penseli huku injini ikiwa imekwama: ikiruka mbele, umekipata. Dawa ya kudumu ni kila kipande cha reli kiwe na waya wake kutoka kwenye basi, au kilehemiwe kwa jirani mwenye waya.

*Inasimama juu ya pointi tu.* Pima urefu wa frogi (pale reli mbili zinapokatizana ndani ya pointi) isiyo na umeme, kisha umbali kati ya ekseli za kwanza na za mwisho zinazochukua umeme kwenye injini. Frogi ikiwa ndefu kuliko umbali huo, injini haina njia ila kusimama. Ipe frogi umeme kupitia swichi inayogeuka pamoja na ndimi (reli zinazosogea za pointi), au weka kapasita ya akiba, inayohifadhi umeme kidogo, kwenye dikoda. Frogi ikiwa hai na bado inasimama, tazama pale ulimi unapogusa reli ya nje: pointi nyingi hutegemea mguso huo kupeleka umeme, na chembe moja ya kokoto inatosha kuukata.

*Inakwenda lakini inagonga kwa mpangilio.* Pima umbali kati ya pigo na pigo. Injini nyingi za dizeli za Marekani zina magurudumu ya inchi 40, ambayo kwa HO ni kipenyo cha milimita 11.7, hivyo mzunguko mmoja ni milimita 36 au 37. Pigo kila milimita 36 hivi linaashiria gia ya plastiki ya ekseli iliyopasuka. Fungua sehemu ya chini ya bogi uone ufa kati ya meno. Kuitia gundi hakusaidii, ibadilishe. Mlio wa haraka zaidi ya huo unatoka kwenye shafti ya mota au kwenye gia ya skrubu.

Shoti

*Umeme unakatika mara tu unapowasha, baada ya wikendi ya waya.* Ondoa injini na mabehewa yote kwanza. Kisha tenganisha basi katikati na uwashe nusu moja. Nusu yenye shoti igawe tena, na tena. Kwa waya 16 za kwenda relini, majaribio manne yanakufikisha kwenye waya wenyewe, wakati kukagua mmoja mmoja chini ya meza kunakula jioni nzima.

Kinga yake ni rahisi kuliko tiba. Ukiwa umechomoa kidhibiti na hakuna chombo relini, banisha multimita kwenye waya mbili za basi ikiwa kwenye mlio wa kupima mwendelezo, uiache hapo wakati wote unapolehemu. Sekunde utakapounganisha waya mwekundu kwenye reli ya mweusi, italia, na kosa litakuwa bado lina moto mkononi mwako.

*Shoti inatokea treni inapopita kwenye pointi.* Sababu ni nne, na kila moja ina mahali pake. Treni ikiingia upande wa frogi wakati pointi imegeuzwa njia nyingine, frogi hai huleta shoti. Hilo ni kosa la kuendesha. Ikiwa kila mara chombo chochote kinaleta shoti, mianya ya kuhami baada ya frogi haipo au imezibwa na kiungio cha chuma mahali palipotakiwa cha plastiki. Ikiwa ni chombo kimoja na ni karibu na ndimi, magurudumu yake yamekaribiana mno na mgongo wa gurudumu unagusa ulimi ulio wazi. Na cheche ikionekana pale reli mbili zinapoachana baada ya frogi, gurudumu pana linazigusa zote mbili kwa wakati mmoja. Paka tone la rangi ya kucha isiyo na rangi kwa milimita chache kwenye reli hizo, au sogeza mwanya mbali zaidi.

*Shoti kwenye mzingo wa kurudia, pale treni inapogeuka na kurudi njia ileile.* Reli ya kulia imekutana na ya kushoto. Kata mianya kwenye reli zote mbili, ncha zote mbili za sehemu hiyo, na uilishe kwa kifaa cha kubadilisha ncha za umeme. Sehemu iliyotengwa iwe ndefu kuliko treni ndefu zaidi, la sivyo magurudumu ya chuma yatavuka mianya ya mbele na ya nyuma kwa wakati mmoja na kifaa kitachanganyikiwa.

*Shoti inayokuja siku ya joto na kutoweka usiku.* Mianya imefunga. Reli ya nikeli-silva hurefuka kwa takriban mikromita 17 kwa kila mita kwa kila nyuzi ya Selsiasi: mita 3 zikipanda nyuzi 20 zinaongezeka milimita 1. Meza ya mbao nayo hutembea kwa unyevu. Jaza kila mwanya wa kuhami kwa kipande cha plastiki kilichogundishwa na kupigwa tupa hadi kiwe sawa na reli, na acha viungio vichache bila kulehemu vikiwa na mwanya wa nusu milimita ili njia ipumue.

Kabla hujaamini kazi ya waya, weka sarafu juu ya reli mbili kila baada ya mita moja, kidhibiti cha DCC kikiwa kimewashwa. Kinapaswa kukata umeme papo hapo kila mahali. Kisipokata, ukinzani wa waya ni mkubwa mno. Hapo, siku behewa likianguka, ampea kadhaa zitapita bila kukatwa na kuyeyusha bogi yake.

Vyombo vinatoka relini

Pima magurudumu kwanza. Umbali kati ya migongo ya magurudumu mawili ya ekseli moja uwe karibu milimita 14.4, lakini geji ya NMRA ina uamuzi wa haraka kuliko kalipa. Kwa magurudumu ya chuma, zungusha huku ukivuta au kusukuma, usipige nyundo.

Kisha uzito. Pendekezo la NMRA kwa HO ni gramu 28 za msingi na gramu 14 kwa kila sentimita 2.5 za urefu. Behewa la sentimita 15 liwe na gramu 112 hivi. Mabehewa mengi ya plastiki hutoka kiwandani yakiwa mepesi zaidi, na jepesi likiwa nyuma ya injini mbele ya mzigo mrefu huvutwa kuelekea ndani ya kona hadi linaanguka. Ongeza uzito chini kabisa, juu ya bogi, si kwenye paa.

Skrubu za bogi zina siri ambayo wengi huikosa. Zikikazwa zote mbili, behewa haliwezi kufuata mapinduko ya njia na gurudumu moja linaning'inia. Zikilegezwa zote mbili, linayumba. Kaza moja hadi bogi izunguke tu bila kuinamia pembeni, kisha rudisha nyuma nusu mzunguko skrubu ya pili ili bogi hiyo iweze pia kuinama kidogo. Behewa litasimama kama kigoda cha miguu mitatu, ambacho hakitikisiki hata sakafu isipokuwa sawa.

Njia ikiwa ndiyo yenye kosa, shusha jicho hadi usawa wa reli na uweke tochi upande wa pili. Unachotafuta ni kona iliyovunjika kwenye kiungio. Reli nyumbufu ina tabia ya kutaka kunyooka, na vipande viwili vikikutana katikati ya kona kila kimoja kinanyooka kivyake. Ukishaona, usihangaike kuisukuma kwa misumari: toa vipande viwili, vilehemu pamoja vikiwa vimenyooka mezani, sogeza ili kiungio kilicholehemiwa kiwe ndani ya kona, ndipo uvikunje kama kipande kimoja. Reli ya ndani itatokeza kwa mbele, ikate. Ulehemu kwa flaksi ya rozini, kamwe isiwe ya asidi, na uweke sponji zenye maji pande zote za kiungio ili mataruma ya plastiki yasiyeyuke. Mataruma yakiyeyuka, vishikizo vya reli huachia na geji hubadilika hapo hapo. Baada ya kulehemu pima geji tena, kila mara.

Pitisha ukucha juu ya reli kwenye kila kiungio. Ukikwama, gurudumu pia linakwama. Kwa tupa laini, tengeneza mteremko mdogo kwenye ncha ya reli, juu na upande wa ndani. Weka pimamaji kwa kukata njia kila sentimita 10: reli moja ikipanda ghafla kuliko nyingine, njia imesokotwa, na bogi refu halitavumilia.

Kuhusu kona, tumia kanuni ya urefu: nusu kipenyo kisipungue mara 2.5 ya urefu wa chombo kirefu zaidi, na mara 3 ndiyo inayoleta utulivu. Behewa la abiria la futi 85 kwa HO lina sentimita 30 hivi; linataka sentimita 75, na 90 ni bora. Lisilazimishwe kwenye kona ya milimita 457 iliyo ya kawaida kwenye seti za kuanzia. Pale kona ya kulia inapofuatwa mara moja na ya kushoto, weka kati yake njia iliyonyooka yenye urefu wa chombo hicho kirefu.

Kwenye pointi, jaribu kwa karatasi: iweke kati ya ncha ya ulimi na reli, funga pointi, vuta. Ikitoka bila kushikwa, flanji (ukingo wa gurudumu unaokaa ndani ya reli) itaingia humo siku moja. Safisha kokoto, ongeza nguvu ya springi au sogeza mota. Ulimi ukifunga vizuri lakini bado unapigwa, kwangua ncha yake kwa tupa laini mara mbili tatu upande unaopitiwa na flanji. Gurudumu likipiga pua ya frogi, tazama upande wa pili, kwenye reli ya ulinzi: mwanya wake ni mpana mno na haulivuti gurudumu mbali na pua. Gundisha ukanda wa plastiki wa milimita 0.25 kwenye ubavu wa reli ya ulinzi, upime kwa geji, kisha uongeze ikihitajika.

Mabehewa yanaachana

Kimo cha katikati ya koplingi (kiunganishi cha mabehewa) kutoka juu ya reli ni milimita 9.9. Tofauti kidogo inavumilika kwenye tambarare, lakini pale mteremko unapoanza ghafla, koplingi moja hupanda na nyingine hushuka hadi zinaachana. Asilimia 2, yaani sentimita 2 kwa kila mita, ni mwinuko mzuri. Uanze na kuisha taratibu kwa urefu unaozidi chombo kirefu zaidi. Koplingi ikiwa chini, weka washa nyembamba kati ya bogi na sakafu ya behewa. Pini ya sumaku inayoning'inia chini iwe juu ya reli kwa milimita 0.8 hivi, vinginevyo itashika kwenye pointi. Ikikwama kurudi katikati, tumia unga wa grafiti. Mafuta yatakusanya vumbi.

Baada ya kokoto

Kokoto zikielea na kuacha mashimo, hukulowesha kwanza. Nyunyizia maji yenye tone la sabuni ya vyombo hadi zilowe, ndipo udondoshee gundi nyeupe iliyochanganywa na maji, gundi sehemu moja kwa maji sehemu tatu. Subiri saa 24 kabla ya kupitisha treni. Pointi iliyoganda iloweshe kwa maji ya uvuguvugu kwa brashi, usubiri, usogeze ndimi kwa kidole bila kulazimisha mota. Karibu na ndimi, tumia kokoto chache mno, na gundi chache zaidi.

Dikoda

Injini mpya haiitiki? Anwani ya kiwandani ni 3. Jaribu hiyo kwanza. Isipoitika, iweke kwenye njia ya kuprogramu na uandike 8 kwenye CV8 (CV ni nafasi yenye namba ya kuhifadhi mpangilio ndani ya dikoda). Dikoda nyingi hurudi hali ya kiwandani hivyo. Taa zikizima na kuwaka unapopandisha mwendo hatua moja moja, kidhibiti na dikoda havikubaliani kuhusu hatua za mwendo: kimoja kiko 14, kingine 28. CV29 ikiwa 6 inaweka hatua 28/128 kwa anwani fupi. 38 ni kwa anwani ndefu.

Injini ikikurupuka kwa kasi yenyewe umeme unaporudi baada ya shoti, dikoda imedhani iko kwenye njia ya DC. Zima ruhusa hiyo: CV29 iwe 2, au 34 kwa anwani ndefu.

Dikoda mpya ikiungua mara tu inapowashwa, mota ilikuwa bado inagusana na reli mahali fulani, mara nyingi kupitia fremu ya chuma. Kabla ya kufunga nyingine, chomoa waya za mota, weka multimita kwenye mlio, gusa kaboni moja ya mota na gurudumu la kila upande, kisha kaboni ya pili. Ikilia hata mara moja, tafuta mguso huo na uuhami kwa utepe wa polimaidi, upime tena injini ikiwa imefungwa mwili wake wote, kwa sababu skrubu ya mwili inaweza kuurudisha.